Sadaka ao Bei ya Haki?

Fundi maskini anaweza kusaidiwa kwa njia mbili: kumpa sadaka, ao kununua kazi yake kwa bei ya haki. Njia hii ya pili ina historia yake.

Mwaka wa 1946 Edna Ruth Byler, mama Mkristu wa Marekani, alitembelea Puerto Rico. Huko alikuta wanawake wanaojua sana kutarizi vitambaa, lakini hawana soko. Akavipeleka kwao Pennsylvania, akaviuzia rafiki na majirani. Kazi hiyo ikakua, na mwaka wa 1996 ikapewa jina la Ten Thousand Villages.

Katika Uholanzi, vijana Wakatoliki wa Kerkrade walianzisha chama cha S.O.S. mwaka wa 1959. Kwanza walipeleka maziwa ya unga Sicilia. Lakini maziwa yakiisha kunywewa, umaskini unabaki palepale. Kwa hiyo mwaka wa 1967 walianza kuleta vitu vya kazi ya mikono toka inchi maskini na kuviuza.

Tuangalie vema: kununua moja kwa moja hakutoshi. Mchuuzi anajua kama fundi ana njaa leo. Ndiyo nguvu yake ya kupunguza bei. Nasi tukifanya vile, tofauti yetu naye ni nini?

Basi, mama akileta vitunga mlangoni petu jioni, tusingoje achoke ili auze rahisi. Sadaka tuwape wasioweza kazi, fundi tumlipe.