Mtihani na Hadhi ya Kiswahili katika Shule za Kenya

Hadhi ya lugha shuleni hupimwa kwa mambo mengi, lakini katika historia ya Kenya hapana jambo lililoiamua kwa nguvu kuliko mtihani. Kwa muda wa miaka ishirini baada ya uhuru Kiswahili kilisifiwa katika ripoti za serikali, na papo hapo kikaachwa nje ya karatasi zilizoamua nani ataendelea na masomo na nani atarudi nyumbani.

Mizizi ya hali hii ni ya kikoloni. Mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikawa ndiyo inayotoa ithibati kwa vitabu vya shule. Vyeti vya sekondari, kwa upande mwingine, vilitoka Cambridge. Basi mamlaka moja iliamua Kiswahili kipi ni sahihi, na nyingine ikaamua cheti kipi kina thamani; wenyeji wa lugha hawakuwa na kauli kubwa katika lolote kati ya hayo. Mtoto wa Mombasa aliyeandika mato badala ya macho, au kiteko badala ya kicheko, aliandika lugha ya Muyaka, na kwa kipimo cha usanifu akahesabiwa kuwa amekosea. Kwamba uamuzi huo ulipitishwa katika mji wake mwenyewe ni kinaya kisichohitaji maelezo.

Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, makao yake yakiwa Kampala, na mwanzoni lilifanya kazi kwa kushirikiana na Cambridge. Umoja huo haukudumu. Tanzania, ambayo mwaka huo huo wa 1967 ilikuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea, ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake kwa sheria ya 1973. Kenya ilifuata mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Mtihani mmoja haukuweza kutumikia siasa tatu za elimu, hasa pale ambapo nchi moja ilikuwa ikifundisha shule zake zote za msingi kwa Kiswahili na nyingine ikifundisha kwa Kiingereza.

Nchini Kenya, Tume ya Ominde ya 1964 ilikwisha kukiri umuhimu wa Kiswahili katika kuwaunganisha wananchi. Hata hivyo mtihani wa C.P.E. ulikuwa na karatasi tatu tu: Kiingereza, hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla. Mwalimu wa darasa la saba hakuhitaji kuambiwa maana yake. Wazazi walimpima kwa idadi ya wanafunzi waliopata nafasi za sekondari, naye akatumia saa zake ipasavyo. Katika ratiba iliyobandikwa ukutani Kiswahili kilikuwamo. Kipindi kilipofika, mara nyingi kiligeuka kuwa hesabu. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilirudia kukitetea, lakini pendekezo lisilo na karatasi ya mtihani nyuma yake ni nasaha tu.

Mabadiliko yalitokana na Ripoti ya Mackay ya 1981. Mtihani wa kwanza wa K.C.P.E., mwaka 1985, ulikuwa na karatasi ya Kiswahili pamoja na insha, na ule wa kwanza wa K.C.S.E. ukafuata mwaka 1989. Ghafla somo lililodharauliwa likahitaji walimu na vitabu kila wilaya. Faida hiyo haikuja bila gharama. Karatasi ya kuchagua jibu moja kati ya manne hupima vizuri upatanisho wa ngeli, lakini haina njia ya kusikia mtoto akizungumza. Katika insha, nako, kukazuka mtindo wa kukariri misemo mizito na kuibandika popote, hata safari ya sokoni ikafunguliwa kwa maneno ya utenzi.

K.C.P.E. ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mfumo uliofuata, sehemu ya alama hutolewa na mwalimu shuleni, jambo linaloruhusu hatimaye mazungumzo nayo yatahiniwe. Lakini mwalimu wa Lamu na mwalimu wa Turkana hawasikii Kiswahili kwa sikio moja, na swali la 1928 limerudi mezani: ufasaha utapimwa kwa kipimo cha nani?