Ganda la Moto: Kutoka Tanuri la Bamburi Hadi Angani

Wafinyanzi wa pwani yetu walijua tangu kale kwamba udongo mtupu hupasuka motoni. Vigae vya karne ya 8 vilivyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, vina chembe za mchanga ndani yake. Chembe hizo huuzuia ufa usitambae. Kwetu elimu ya kuhimili moto ilianzia jikoni.

Mwaka 1954 kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi upande wa Kisauni, penye mawe ya matumbawe. Ndani ya tanuri la chuma linalozunguka, mawe na udongo hugeuka klinka, yaani malighafi ya saruji, kwenye nyuzijoto zipatazo 1,450. Chuma kingelegea zamani lau si matofali ya magnesia na alumina yaliyojengewa ndani. Na matofali nayo hayatoshi. Klinka inayoanza kuyeyuka huyang'ang'ania ikafanya ganda, na fundi hulichunga ganda hilo mchana na usiku, kwani likibanduka joto hulila tofali, kisha mwili wa tanuri huiva ukawa mwekundu. Kwangu hili ndilo jambo kuu katika elimu nzima hii: moto hujitengenezea ngao ya kuuzuia.

Changamwe nako, tangu 1963 hadi 2013, tanuri za kusafishia mafuta ghafi zilitegemea kuta za namna hiyo.

Kwa vyombo vya angani joto linaweza kuwa kali zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano huko Ngomeni, karibu na Malindi. Kwa vyombo vinavyorudi duniani kutoka angani, mara nyingi ngao huachwa iungue juujuu: tabaka la nje hugeuka mkaa, humeguka, na kuondoka na joto lake.

Seramiki za siku hizi zafuata njia ya ganda. Nyuzinyuzi za kaboni hufumwa ndani ya kabidi ya silikoni. Nyuzinyuzi huzuia ufa, nayo silikoni ikikutana na oksijeni hufanya utando wa kioo unaoziba nyufa. Ukingo wa bawa la chombo cha anga cha Columbia ulikuwa wa kaboni iliyofunikwa kwa kabidi hiyo. Kipande cha povu kiliutoboa wakati wa kuruka, na tarehe 1 Februari 2003, chombo kilipokuwa kikirudi duniani, wanaanga 7 wakafa.

Kioo cha utando huo huyeyuka karibu na nyuzi 1,700, kwa hiyo watafiti huongeza diboridi ya zirkoni, inayoyeyuka juu ya nyuzi 3,200. Oksidi yake hustahimili, lakini ikipoa hufura na kupasuka, na ndiyo maana ngao iliyovumilia safari moja ni vigumu kuiamini kwa ya pili.