Tarehe ya Nyumba ya Sassoon na Vitabu Vyao

Sason bin Saleh alikuwa mweka hazina wa mapasha wa Baghdad na mkuu wa Wayahudi wa mji huo. Akamzaa David mwaka 1792. David alipokuwa mtu mzima, Daud Pasha akaibana jamaa hiyo kwa kodi na vitisho, hata kukaa Baghdad kukawa hatari. Wakatoka usiku, wakashuka Basra, wakavuka hadi Bushehr kwenye pwani ya Uajemi, na huko mzee Sason akafariki mwaka 1830. Mwaka 1832 David akahamia Bombay na watu wake.

Bombay ilimpokea vizuri. Aliuza pamba na nguo, aliuza na afyuni iliyopelekwa China, na wanawe akawatuma huku na huko kushika matawi ya biashara. Afyuni ile iliwaangamiza watu wengi, na anayeisifu nyumba ya Sassoon kwa vitabu vyake hana budi kuitaja, kwani sehemu ya fedha iliyonunua vitabu ilitoka katika kisima hicho. David akafa mwaka 1864. Miongoni mwa wanawe alikuwamo Solomon, aliyemwoa Farha, ambaye Waingereza walimwita Flora. Farha naye alikuwa wa ukoo huohuo, kitukuu cha mzee David.

Solomon alipofariki mwaka 1894, Farha akaikalia ofisi mwenyewe na kuiendesha biashara ya Bombay, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa mwanamke wa nyumba zile. Mwaka 1901 akahamia London pamoja na watoto wake. Kwa maoni yangu, Farha ndiye mzizi wa hadithi ya vitabu. Alikisoma Kiebrania kama wasomavyo marabi, akaandika makala juu ya Rashi, mfasiri mkuu wa Torati, na alipokuwa safarini alifuatana na wanaume kumi wanaohitajika ili sala ya jamaa iswaliwe. Mwanawe David Solomon, aliyezaliwa Bombay mwaka 1880, alikulia katika maneno hayo. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka 8 alitoa kishada chake, akapewa badala yake Kitabu cha Ruthu kwa Kiarabu, kilichochapwa Bombay kwa ajili ya Wayahudi wa Baghdad. Biashara ya ukoo haikumvuta. Alitaka miswada.

Hapa yafaa kueleza mswada wa Kiyahudi ni kitu gani, maana si vyote huandikwa namna moja. Gombo la Torati lisomwalo katika sinagogi huandikwa kwa mkono mpaka leo, juu ya ngozi ya mnyama halali, kwa wino mweusi, herufi 304,805, na likikosekana hata herufi moja halisomwi mpaka lirekebishwe. Mwandishi wake halitii sahihi, wala haweki irabu. Lakini mswada wenye kurasa, uliofungwa kama kitabu, una uhuru zaidi: una irabu, una alama za kusomea, una maelezo ya pambizoni juu ya tahajia, na mara nyingi una jina la aliyeunakili na la aliyenakiliwa. Wanaonunua nao huandika humo: fulani amekinunua kwa fulani, kikawa urithi wa wanawe, akakiweka wakfu. Na vyote viwili vikichakaa, havitupwi, kwa kuwa vimebeba jina la Mungu. Huzikwa, au hufungiwa katika chumba cha sinagogi. Chumba cha namna hiyo huko Fustat, Kairo ya kale, ndicho Solomon Schechter alichokiingia mwishoni mwa 1896 akakipeleka kilichomo Cambridge, vipande 193,000 hivi, zikiwamo barua za wafanyabiashara wa Aden na Malabar waliosafiri kwa pepo zilezile tunazoziita kaskazi na kusi.

David Solomon hakuwa mtu wa vipande. Alitafuta vitabu vizima, na alijua kungoja. Mwaka 1910 alifuatana na mama yake mpaka Baghdad, akaandika habari za safari ile kwa Kiebrania. Kutoka Aleppo, mwaka 1913, akapata Biblia iliyokuwa ya ukoo wa Farhi wa Damascus, kazi ya Elisha Crescas, ambaye aliianza mwaka 1366 na kuimaliza 1382. Miaka 16 kwa mswada mmoja! Kurasa zake za mwanzo zimepambwa kwa nakshi kama za mazulia, na baada yake zinafuata kamusi na orodha za kumsaidia msomaji. Damascus ikampa tena Torati ya karne ya 10, iliyoheshimiwa na watu wa mji ule kama taji. Na mwaka 1929, kwa paundi 350, akanunua Biblia ya Kiebrania iliyokaribia kukamilika, yenye umri wa miaka elfu moja na zaidi. Akaipa nambari 1053.

Nambari hiyo ni ya orodha yake. Mwaka 1932 alichapisha Oxford majuzuu mawili makubwa aliyoyaita Ohel Dawid, Hema la Daudi, akiueleza kila mswada: umeandikwa wapi, kwa mkono wa nani, pambizoni pana majina gani. Mimi naiona orodha hiyo kuwa kazi kubwa kuliko manunuzi yote. Matajiri wa kununua hawakuwa haba. Kukaa miaka na kalamu, ukayanakili majina ya watu wasiojulikana waliokimiliki kitabu kabla yako, hilo linataka moyo mwingine.

London hiyohiyo alikuwapo mkusanyaji wa aina nyingine, Moses Gaster, mzaliwa wa Bucharest, aliyekuwa rabi mkuu wa Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno. Gaster alivipenda vile ambavyo wasomi wenzake walivionea aibu: vitabu vya uganga, majina ya malaika, hirizi. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha kale cha uganga kiitwacho Upanga wa Musa. Miswada yake mingi ikanunuliwa na makumbusho ya Uingereza mwaka 1925, na sehemu kubwa ya iliyobaki ikaingia maktaba ya John Rylands, Manchester, mwaka 1954.

Kuhusu hirizi, wanavyuoni wa Kiyahudi hawakuwahi kuafikiana. Talmudi inaruhusu mtu kutoka nayo siku ya Sabato ikiwa imethibitika, yaani imeponya mara tatu. Maimonides, tabibu na rabi wa Kairo, aliwakemea waandishi wake. Mwaka 1751 mji wa Altona, karibu na Hamburg, ulitikisika kwa sababu ya hirizi: rabi Jacob Emden alidai kwamba hirizi alizoziandika rabi Jonathan Eybeschütz zilificha jina la Shabbetai Zvi, masihi wa uongo. Zikafunguliwa, zikasomwa herufi kwa herufi, na marabi wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili. Lakini akina mama hawakungoja fatwa. Chumba cha mzazi kilibandikwa karatasi yenye majina ya malaika watatu, Sanvai, Sansanvai na Semangelaf, ili Lilith, jini wa kike, asimguse mtoto. Uajemi na Iraki walichonga fedha wakamvisha mtoto shingoni. Na mwenye hirizi hutajwa kwa jina la mama yake, si la baba, kama vile wetu wa falaki wanavyouliza jina la mama kabla ya kupiga hesabu. Kwa hiyo majina mengi ya wanawake, ambayo hayamo katika vitabu vya sinagogi, yamehifadhiwa ndani ya hirizi.

Hirizi iliyokunjwa haifunguliwi kwa pupa. Mwaka 1979 Gabriel Barkay alipochimba makaburi ya Ketef Hinnom, Yerusalemu, zilipatikana karatasi mbili ndogo za fedha zilizoviringwa, za karne ya 7 au ya 6 KK. Kuzikunjua kulichukua miaka mitatu hivi, na ndani yake kukaonekana baraka ya makuhani iliyomo katika Kitabu cha Hesabu, maandishi yaliyotangulia magombo ya Bahari ya Chumvi kwa karne kadhaa. Angekuwa mwizi wa makaburi, angeziuza kama fedha chakavu.

David Solomon akafariki mwaka 1942. Mwanawe, rabi Solomon David, alichapisha mwaka 1949 historia ya Wayahudi wa Baghdad aliyoiacha baba yake, na alivitunza vitabu mpaka kodi ya mirathi ya Uingereza ikawalemea warithi. Torati ya Damascus ikaenda maktaba ya taifa ya Israeli mwaka 1975. Miswada mingine ikapigwa mnada Zurich. Nambari 1053 ikanunuliwa mwaka 1978 na mfuko wa pensheni wa shirika la reli la Uingereza kwa dola 320,000, kisha ikauzwa tena 1989 kwa zaidi ya dola milioni 3.

Pambizoni mwake mna habari ya safari zake za kwanza. Khalaf bin Abraham alimuuzia Isaac bin Ezekiel al-Attar, naye akawarithisha wanawe, Ezekiel na Maimon. Karne ya 13 ikawekwa wakfu kwa sinagogi ya Makisin, kaskazini mashariki ya Shamu. Mji ule ulipobomolewa, ilikabidhiwa kwa mtu mmoja, Salama bin Abi al-Fakhr, kwa sharti aitunze mpaka sinagogi ijengwe upya, kisha airudishe. Sinagogi haikujengwa. Baada ya hapo tarehe yake inanyamaza kwa karne tano na zaidi, hadi David Solomon anapolipa paundi zake.

Tarehe 17 Mei 2023, New York, Alfred Moses, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Romania, aliinunua kwa dola milioni 38.1 na kuikabidhi kwa ANU, makumbusho ya watu wa Kiyahudi huko Tel Aviv. Mikononi mwa watu binafsi ilikuwa rahisi kutoweka tena kama ilivyotoweka baada ya Salama. Sasa anayetaka kusoma jina la Salama anaweza kwenda kulisoma.