Pembe Isiyolia

Toka Mwamapalala hadi pwani ni mbali, hata kwa basi. Karne ya 19 wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi walikwenda kwa miguu, pembe za ndovu mabegani, mpaka Bagamoyo. Zikavushwa Unguja, zikapanda meli kwenda Ivoryton, Marekani, zikachanwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano.

Haya msomaji, chukua piano mbili za kusimama, moja ya pembe, nyingine ya plastiki. Ipi tamu? Usitazame vibonyezo! Sauti hutoka kwenye nyuzi, nyundo na ubao wa ndani. Yenye kimo kirefu ina nyuzi ndefu, besi yake inashiba. Pembe ilifurahisha vidole tu.

Yaani mabega ya babu yalichubuka kwa kitu kisichotoa hata noti moja! Ukisikia piano mjini, usiseme ni ya Wazungu tu.