Kusubiri Upepo: Historia ya Desturi Iliyogeuka Sheria

Miaka michache iliyopita nilikaa siku 5 kando ya kitanda cha baba yangu mdogo, aliyekatwa kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani. Mrija ulikuwa puani, midomo imekauka, tumbo limejaa kama ngoma. Kila asubuhi daktari aliuliza swali moja tu: "Mzee, upepo umetoka?" Kabla haujatoka, hakuruhusiwa chakula wala kinywaji. Nilipouliza sababu, nilijibiwa: "Ndivyo tunavyofanya." Jibu hilo ndilo lililonipeleka maktabani.

Mwaka 1899, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling waliwachunguza mbwa. Waliona kwamba tumbo likifunguliwa, utumbo hutulia tuli. Lakini mishipa ya fahamu inayouzuia ikikatwa, mwendo hurejea. Kumbe utumbo ule haukuwa umekufa, bali ulikuwa umeamriwa kunyamaza.

Hata hivyo, kwa muda mrefu wapasuaji waliupokea ukimya huo kama kudra. Katika miaka ya 1930, Owen Wangensteen wa Minnesota, Marekani, alieneza matumizi ya mrija wa puani wa kufyonza maji na hewa kwa wagonjwa walioziba utumbo. Mrija huo uliokoa maisha. Lakini tiba ya wachache ikaja kuwa sheria ya karibu wote: mrija, njaa na kitanda. Juu ya hayo ikaongezwa mofini, ambayo hutuliza maumivu na papo hapo huupunguzia utumbo mwendo. Tukawa tunausubiri utumbo uamke huku sisi wenyewe tukiulaza.

Aliyeihoji desturi hiyo kwa uthabiti ni mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet. Mwaka 1999, yeye na mwenzake waliripoti habari za wagonjwa 16 waliokatwa sehemu ya utumbo mpana. Walipewa ganzi ya mgongoni ili kupunguza mofini, wakalishwa mapema, wakainuliwa watembee. Angalau nusu yao walirudi nyumbani ndani ya siku 2, wakati ilizoeleka kulazwa wiki nzima au zaidi. Kuanzia 2001, wapasuaji wa nchi kadhaa za Ulaya waliungana kuugeuza utaratibu wa namna hiyo kuwa mwongozo.

Sisemi kwamba kila utumbo unaochelewa ni matokeo ya desturi. Mara nyingine ni dalili ya hatari, kama vile mshono unaovuja. Ndiyo maana mgonjwa anahitaji jicho la muuguzi linalomrudia mara kwa mara.

Na hapo ndipo suala linapokuwa la kisiasa. Kehlet hakuleta mashine mpya. Aliwafanya mpasuaji, mtaalamu wa ganzi na muuguzi wakubaliane juu ya mpango mmoja. Katika wodi ile, muuguzi wa usiku alikuwa peke yake. Nani angemwinua mzee atembee?

Upepo ulitoka siku ya 6, na wodi nzima ikashangilia. Nami nilishangilia, lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watumishi wa umma ninaowafundisha: kabla ya kuagiza mashine nyingine, mmewahesabu wauguzi wa zamu ya usiku?