Silabi moja, -ji-

“Amejinyonga,” majirani husema kabla polisi hawajafika. Hukumu yote imo katika silabi moja, -ji-: aliyeua na aliyekufa ni mtu yuleyule. Daktari anayechunguza maiti hana ruhusa ya haraka hiyo. Hutazama kama jeraha lilipatikana mtu akiwa hai au ameshakufa; sampuli za damu na za tumbo, kwa Tanzania, hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na hata akishajua chanzo cha kifo, tuseme sumu, bado hajajua ni mkono wa nani ulioitia. Hapo anahitaji mashahidi, historia ya afya ya marehemu, hali ya chumba. Basi sisi wa magazeti tuandike “amekutwa amefariki”. -Ji- isubiri ripoti.