Unplanned (filamu)

Unplanned ni filamu ya Kikristo iliyotolewa Marekani tarehe 29 Machi 2019. Iliandikwa na kuongozwa na Cary Solomon na Chuck Konzelman, ikasambazwa na kampuni ya Pure Flix. Ashley Bratcher ndiye aliyeigiza kama Abby Johnson, mkurugenzi wa kliniki ya shirika la afya ya uzazi la Planned Parenthood mjini Bryan, Texas, aliyeacha kazi mwaka 2009 na kugeuka mpinzani wa utoaji mimba. Kisa cha filamu kilitoka katika kitabu cha kumbukumbu za Johnson cha mwaka 2011. Filamu hii inajulikana zaidi kwa pengo kati ya watazamaji walioishangilia na wahakiki walioikosoa.

Watazamaji

Iligharimu takriban dola milioni 6, fedha zilizorudi wikiendi ya kwanza tu. Mapato yote yalifikia takriban dola milioni 20. Vikundi vya makanisa na vya wapinga utoaji mimba vilikwenda kuitazama kwa pamoja. Kampuni ya CinemaScore, inayokusanya maoni ya watazamaji wa usiku wa kwanza, iliipa A+, alama yake ya juu kabisa. Hata hivyo, wanaowahi filamu ya aina hii usiku wa kwanza kwa kawaida ni watu wanaokubaliana nayo tangu awali.

Wahakiki

Katika Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wahakiki, ilipata chini ya 20 kati ya 100. Owen Gleiberman wa jarida la Variety aliiona kuwa filamu dhaifu, lakini propaganda inayowafikia vyema iliowalenga. Ubishi mkubwa ulihusu onyesho la altrasaundi, ambamo kijusi cha wiki 13 kinaonekana kikihangaika kulikwepa bomba la kutolea mimba. Madaktari waliolipinga walisema kijusi cha umri huo hakiwezi kuhisi maumivu wala kujihami. Upande wa filamu ulimtegemea Anthony Levatino, daktari aliyewahi kutoa mimba kabla ya kubadili msimamo, ambaye mwenyewe aliigiza kama daktari katika onyesho hilo. Usahihi wa simulizi ya Johnson ulikuwa umehojiwa na jarida la Texas Monthly tangu mwaka 2010. Yeye ameshikilia kwamba ni kweli.

Daraja na matangazo

Chama cha filamu cha Marekani, MPAA, kiliipa daraja la R, hivyo aliye chini ya miaka 17 alihitaji kufuatana na mzazi au mlezi. Watengenezaji walilalamika kwamba katika baadhi ya majimbo binti wa umri huo anaweza kutoa mimba bila idhini ya mzazi. Vituo kadhaa vya televisheni vilikataa matangazo yake, na akaunti yake ya Twitter ilifungwa kwa muda mfupi siku moja baada ya uzinduzi. Mwezi Aprili Konzelman alilizungumzia suala hilo la Twitter mbele ya kamati ndogo ya Seneti.

Canada

Filamu ilifika Canada Julai 2019. Kampuni ya kumbi za sinema ya Cineplex ilishinikizwa isiionyeshe. Mkuu wake, Ellis Jacob, alijibu kwamba kila mtu ana hiari ya kuitazama au kuiacha. Baadhi ya kumbi ndogo ziliifuta baada ya kutishwa.

Tathmini

Unplanned ilithibitisha kwamba filamu ya dini inaweza kurudisha gharama zake bila sifa za wahakiki. Mapato na alama zake, hata hivyo, si ushahidi kwamba iliwabadili msimamo waliokuwa wakiipinga.